Afande Hakutaka Kupitwa

Akiwa peke yake barabarani, Afande aliendesha kama mtu aliyepakata sufuria ya uji wa moto. Kilomita hamsini kwa saa, mara nyingine arobaini, kiwiko nje ya dirisha, macho yakizunguka kwenye migomba na vibanda vya watu kana kwamba amekodiwa kuvihesabu. Lakini likitokea gari nyuma yetu, na gari hilo likaonyesha dalili ya kutaka kupita, mguu wake wa kulia ulishuka. Hakugeuka kutazama. Alikohoa kidogo, akaingiza kiwiko ndani, na pikapu ikaanza kunguruma. Themanini. Mia moja. Mia na kumi. Yule wa nyuma, akiona ameshindwa, alirudi upande wake. Na akisharudi, Afande naye alirudi kwenye hamsini yake na migomba yake. Baada ya kilomita mbili yule mtu alijaribu tena, nasi tukaanza upya.

Niliketi kando yake kwa miaka saba, na mchezo huo niliuona mara nyingi kuliko nilivyomwona baba yangu akila chakula.

Mimi nilikuwa katibu wa chama kidogo cha wakulima wa kahawa, chenye ofisi ya vyumba viwili Kasese na ghala Bwera, karibu na mpaka wa Kongo. Yeye alikuwa dereva wa gari pekee la chama, pikapu nyeupe yenye viti vya nyuma. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi. Mara mbili kwa mwezi tulikwenda Kampala kupeleka sampuli za kahawa na karatasi, kwa njia ya Fort Portal, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Kila wiki tulishuka Bwera. Msimu ukifika tulipanda milimani Bwesumbu kuonana na wakulima. Kote huko nilikuwa kwenye kiti cha kushoto, faili mapajani, mguu wangu ukitafuta breki ambayo upande wangu haikuwapo.

Watu wote walimwita Afande kwa sababu zamani aliendesha malori ya jeshi. Jeshi lipi na chini ya nani hakusema, nami sikuuliza. Yeye aliniita Katibu tu, hata siku za sikukuu. Madereva wengine wote wa Uganda, wa mabasi, wa malori ya saruji ya Hima, wa magari ya wakubwa yenye vioo vyeusi, aliwaita raia.

“Hiyo raia iko na haraka ya kwenda kufa,” alisema, macho mbele.

“Si umwache apite, Afande.”

“Apite aende wapi? Mbele iko na mimi.”

Ukimwambia ni hatari, alikuambia hatari ni yule anayetaka kupita. Ukimwambia tunachelewa, alikuambia ndiyo sababu ameongeza mwendo. Ukinyamaza, alidhani umekubali.

Siku moja basi lilitupita tukitoka Kyenjojo, wakati yeye alikuwa akinywa maji na chupa ilikuwa imemziba macho. Alifunga kifuniko polepole. Alinipa chupa niishike. Kisha akaanza kulifukuza lile basi, na akalifukuza mpaka Mubende. Mifuko yangu ya sampuli ilipasuka, kahawa ya Bwesumbu na kahawa ya Kitswamba zikachanganyika sakafuni, na mimi nikawa nimeishika chupa ile kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Karibu na kuingia mjini alilipita. Alipumua. Halafu akaona msikiti, akakumbuka kwamba adhuhuri imefika, akaegesha, akavua viatu. Alipokuwa akitawadha, basi lilipita taratibu mbele ya macho yangu, abiria wakila ndizi za kuchoma.

Aliporudi nilimwambia, na sitaficha kwamba nilifurahi kumwambia. “Basi limepita.”

Alifunga mkanda. “Hiyo haihesabiwi. Mimi nilikuwa kwa Mungu.”

Na baada ya swala alikuwa mpole kweli. Upole huo ulidumu kama kilomita kumi hivi. Niliupima kwa vibao vya kando ya barabara.

Kuhusu kusimama tulikuwa na vita yetu nyingine. Mimi ni mwanamke, na Kasese mpaka Kampala si karibu. Nikisema nataka kujisaidia aliniuliza nilikunywa nini asubuhi. Nikisema chai, alitikisa kichwa kwa huzuni. “Chai ya Fort Portal hulia Mubende. Nimekuambia siku nyingi.” Hakusimama. Lakini mwanamke yeyote aliyesimama kando ya barabara na mtoto mgongoni, au mzee na fimbo, au mwanafunzi aliyevua viatu ili asivichakaze, hao alisimama kwa ajili yao bila kupungiwa mkono. Aliwapakia nyuma na kuwashusha mlangoni kwao, hata kama mlango huo ulikuwa kilomita nne nje ya njia yetu. Walimbariki. Mimi nilikaa mbele nikiwa nimebana magoti, nikisikiliza baraka.

Njia hakuwahi kuipotea, kwa maelezo yake. Tulipanda Bwesumbu wakati wa mvua, akakata kulia mahali ambapo kila mtoto wa kule anajua ni kushoto. Nilimwambia ni kushoto. Akasema kushoto ni kwa watu wa miguu. Tukaenda mpaka njia ikawa shamba la mihogo, na mwenye shamba akatoka na jembe begani kututazama.

“Wewe,” Afande akamwambia kwa ile sauti yake ya kambini, “barabara mulipeleka wapi?”

Yule mkulima, mtu mzima mwenye wajukuu, alianza kuomba radhi. Nilitamani kuingia chini ya kiti. Wakulima arobaini walikuwa wakitungoja kanisani tangu saa tatu. Tulifika saa saba, magurudumu yamejaa tope, na Afande akawaambia kwamba Katibu alichelewa kujitayarisha.

Sasa niseme jambo ambalo lilinichanganya zaidi. Wanyama aliwaheshimu. Njia ya kwenda Bwera, baada ya kuacha barabara kuu pale Kikorongo, inakatiza mbuga, na mara kwa mara tembo huvuka. Akiwaona, hata wakiwa mbali, alizima injini kabisa. Alivua kofia. Tulikaa pale nusu saa, mara moja saa nzima, tembo mmoja akikuna tumbo kwenye mti kana kwamba hana kazi nyingine duniani. Nyuma yetu malori ya Kongo yalipiga honi. Afande alitoa mkono dirishani akawaonyesha kiganja: tulieni.

“Hapa sisi ndiyo wageni,” aliniambia kwa kunong’ona.

Alisimama kwa ajili ya nyani, ng’ombe, bata na vifaranga. Pale kwenye njia ya Kitswamba alisimama kwa ajili ya kinyonga, akashuka, akamwelekeza kwa kijiti mpaka majanini, na watu wetu wengi hawataki hata kumtazama kinyonga. Mtu mwenye moyo wa kumngoja kinyonga atashindwaje kumngoja mtu mwenye gari? Nilimuuliza hivyo hivyo.

“Kinyonga haishindani na mimi,” akasema.

Nilimshtaki kwa mwenyekiti wa chama mara tatu. Mwenyekiti alikuwa mkulima mtulivu wa Kitswamba, mtu wa kanisa, asiyependa kelele. Mara ya tatu niliandika barua ya kurasa mbili, kwa mashine, nikaorodhesha kila kitu. Aliisoma yote, akavua miwani.

“Katibu, Afande amegonga nini?”

“Bado.”

“Hata kuku?”

“Hata kuku.”

“Amelewa?”

“Hanywi.”

“Simu anazungumza akiendesha?”

“Huizima kabisa.”

“Sasa mimi nitamwandikia nini?” Akaitia barua yangu kwenye droo. Ilikuwa kweli. Pikapu ile aliiosha mwenyewe kila jioni, aliijua kila nati, na magurudumu aliyagonga kwa fimbo kila asubuhi, akisikiliza kama daktari. Mafundi wa Kasese walimwogopa. Trafiki walimpigia saluti ya utani. Mimi peke yangu ndiye niliyejua anavyoendesha, kwa sababu mimi peke yangu ndiye niliyekuwa ndani.

Halafu likaja jambo la mama yangu.

Mama aliishi Bwera, juu kidogo ya barabara ya mpakani, na mwaka ule alianza kuugua mgongo na figo. Wiki moja hali yake ilikuwa mbaya na ilibidi apelekwe hospitali Kasese. Niliomba gari la chama. Afande aliliingiza mpaka uani kwetu kwa nyuma, akatandika godoro kwenye kiti cha nyuma, akambeba mama mwenyewe kutoka kitandani, akimwita “mama, mama, polepole, tumefika.” Nilikaa na kichwa cha mama mapajani. Nilijiambia: leo atamuua.

Tulitoka Bwera asubuhi. Gari la kwanza lililotufikia lilikuwa teksi iliyojaa watu. Nikasubiri ule mguu. Badala yake niliona mkono wake ukienda kwenye indiketa, akawasha kushoto, akasogea pembeni kabisa, akatoa mkono dirishani na kumpungia yule dereva apite. Akapita. Likaja lori tupu, likapita. Ikaja bodaboda yenye mbuzi wawili, ikapita. Kutoka Bwera mpaka Kasese nilihesabu magari kumi na tisa yaliyotupita, bila kutaja pikipiki, na yote aliyapungia mkono. Mama alilala. Kila palipokuwa na shimo nililisikia kama mtu anayeteremka ngazi moja tu.

Kwa hiyo alikuwa anaweza. Hilo ndilo lililonikasirisha, hata katika shida ile. Miaka yote nilidhani mguu ule ni ugonjwa, kama kifafa, hana la kufanya. Kumbe alikuwa anaweza kuacha wakati wowote, na alikuwa hataki.

Mama alipona. Akaishi miaka mingine minne. Kila aliponiona aliniuliza kuhusu Afande kabla ya kuniuliza kuhusu wanangu.

Mwaka uliofuata, msimu wa mavuno, tulikuwa tukirudi kutoka Fort Portal. Ilikuwa asubuhi ya jua kali, barabara kavu. Mahali pale kabla ya kufika Hima barabara imenyooka, na sisi tulikuwa kwenye hamsini yetu. Nyuma yetu likaja gari dogo jekundu. Lilikaa nyuma kwa muda, kwa adabu. Likapiga honi mara moja, fupi. Kisha likawasha indiketa na kutoka.

Afande alikohoa.

“Afande, mwache,” nikasema. “Ni mwanamke.”

Mguu ukashuka. Gari jekundu lilikuwa limefika sambamba nasi, upande wake, dirisha kwa dirisha. Nilimwona yule mwanamke kupitia kifuani kwa Afande: kitambaa cha bluu kichwani, mikono miwili kwenye usukani, uso umetugeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa kama anayeuliza njia. Na Afande aligeuza kichwa akamtazama. Katika miaka saba sikuwahi kumwona akigeuza kichwa. Alimtazama vizuri, kisha akatazama mbele, na pikapu ikaendelea kupanda mwendo.

Mbele yetu, kutoka Hima, likatokea lori la saruji.

Mwanamke hakuweza kwenda mbele, na kurudi nyuma alichelewa. Alikata kulia, mbele ya lori, nje ya barabara. Lori lilipita likipiga honi ndefu. Tulisikia kishindo, na baada yake vumbi tu.

Afande alisimamisha gari kama inavyotakiwa. Aliwasha taa za hatari. Alirudi nyuma pembeni, akavunja matawi na kuyaweka barabarani ili magari yajue, vyote kwa utaratibu, bila kukimbia, na mimi nilikuwa tayari nakimbia pekupeku. Gari jekundu lilikuwa limegonga kingo za kalvati. Mwanamke alikuwa hai. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekaa vibaya. Maharage yalikuwa yamemwagika kila mahali, kwenye viti, kwenye nywele zake. Tulimbeba mimi na Afande. Aliniambia kwamba yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, anatoka Kitswamba, na kwamba watoto wanamngoja.

Tulimfikisha hospitali. Polisi wakaja pale pale kwenye benchi la nje. Afande akasimama wima.

“Mimi sikumwona, afisa,” akasema. “Mimi niliangalia mbele. Nikasikia tu.”

Yule polisi, kijana, akanigeukia. “Na wewe mama, uliona?”

Niliona. Lakini nilikuwa nimekaa kwenye benchi lile lile nililokalia mwaka mmoja kabla, mama yangu akiwa ndani, na mtu huyu akiwa amesimama pembeni na viatu vya mama mkononi, kwa sababu alisahau kuviweka chini.

“Nilikuwa nasoma karatasi,” nikasema.

Siku mbili nilikaa na jibu hilo. Siku ya tatu nilirudi kituoni, nikasema nataka kubadilisha maelezo yangu. Nikaeleza kwamba gari jekundu lilipotoka kutupita, dereva wetu aliongeza mwendo, na kwamba hiyo ni desturi yake. Nikatia sahihi. Hayo yalikuwa kweli. Polisi akaniuliza kama dereva alimwona yule mwalimu. Nikasema hilo siwezi kujua, mimi si macho yake.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Dereva hakuona, lakini aliongeza mwendo. Leseni yake ikachukuliwa. Kamati ya chama ikakaa alasiri moja, ikamwachisha kazi. Mwalimu alitibiwa kwa gharama ya chama, mguu ukaunga, ukabaki mfupi.

Watu wa ofisini hawakunisifu. Mweka hazina aliniambia mbele ya wote kwamba nimemvua mzee wa watu nguo barabarani. Mwenyekiti nilimwona akiitafuta ile barua yangu ya kurasa mbili kwenye droo, kisha akaifunga droo. Mama yangu alikataa kula chakula changu siku nzima. Na Afande mwenyewe alirudisha funguo, pikapu ikiwa imeoshwa mpaka chini ya mazulia, akapita mlangoni pangu kana kwamba mlango ule ni ukuta.

Chama kilimpata dereva mwingine, kijana mzuri, aliyewapisha watu wote na kunisimamishia kila nilipotaka. Ningependa kusema nilifurahia. Nilisafiri naye mwaka mmoja, nikaacha kazi, nikahamia Bwera kwenye nyumba ya mama na kufungua duka la vitambaa karibu na soko la Mpondwe. Afande naye alikuwa Bwera, kwa mwanawe anayeuza vipuri. Tulikutana sokoni mara nyingi. Hakunisalimu. Na mimi, kwa jinsi nilivyochoka naye, nilikuwa nashukuru.

Ilipita kama miaka mitano. Jumamosi moja asubuhi nilikuwa nikifungua duka, nikamwona amesimama nje na kanzu safi na kofia, fimbo mkononi. Alikuwa amepungua. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

“Katibu,” akasema.

“Afande. Karibu ndani.”

“Sikai. Wewe sasa iko na gari?”

Nilikuwa nimenunua gari dogo kuukuu la kubebea vitambaa, na nilikuwa nimejifunza kuliendesha ukubwani. Nilimwambia ndiyo.

“Nipeleke kwa ile mwalimu.”

“Kufanya nini?”

“Kumwambia neno. Mimi sijui kwake. Na sijui kuongea na mutu kama ile. Wewe ulikuwa katibu, unajua maneno.”

Nilitaka kumwambia kwamba ni siku ya mauzo, kwamba Kitswamba ni mbali, kwamba miaka mitano hakuwahi hata kunitolea salamu na leo ananiamuru kama askari wake. Nilimwambia yote hayo, kwa kweli, huku nikifunga duka.

Aliketi kushoto, mikono juu ya magoti. Mimi ni dereva wa woga; kila mtu alitupita, mpaka pikipiki zenye magunia. Mara moja tu, kwenye mlima, aliniambia, “Gia ya tatu, Katibu,” na alikuwa sahihi, na nilichukia kwamba alikuwa sahihi. Tulipita Kasese, tukapita Hima. Mahali pale penye kalvati alitazama dirisha la upande wake. Mimi nilitazama barabara.

Kwa mwalimu tulielekezwa na watu wa dukani. Alikuwa ameketi uani kwenye mkeka, mguu mmoja umenyooshwa, akichagua mawe kwenye maharage. Alinitambua mimi kwanza. Tukasalimiana kwa Lhukonzo, lugha yetu, wasibire, yaani habari za mchana, habari za watoto, habari za mashamba. Kisha akamtazama aliyesimama nyuma yangu na kofia mkononi.

“Muzee,” akasema. “Umekonda.”

“Ndiyo, mama.”

“Kaa basi.”

Hakukaa. Nilimngoja aanze, kisha nikakohoa ili nianze mimi, nikiwa nimetayarisha maneno yangu njiani, maneno mazuri, ya kuhusu uzee na kusameheana. Alininyooshea kiganja.

“Ile siku nilisema sikukuona,” akamwambia mwalimu. “Kwa polisi nilisema hivyo. Kwa watoto yangu nilisema hivyo. Mimi nilikuona. Nilikuangalia kwa macho. Kitambaa yako ilikuwa ya bluu.”

Mwalimu aliacha mkono ndani ya maharage.

“Uliniona,” akasema.

“Nilikuona.”

“Halafu?”

“Halafu nikaongeza.”

Kuku walikuwa wakizunguka mkeka, wakisogea, wakisogea, na hakuna aliyewafukuza. Mwalimu alikuwa akimtazama yule mzee kama anavyotazamwa mwanafunzi aliyetoa jibu ambalo halikuulizwa.

“Miaka yote hii,” akasema polepole, “watu hapa wakisema vibaya juu yako, mimi niliwakataza. Niliwaambia, yule muzee hakuniona. Hata mimi naweza kutomwona mtu. Nilikusamehe kwa hilo. Kanisani nilisimama nikasema nimekusamehe.” Akatikisa kichwa. “Sasa nifanye nini na hili unaloniletea?”

“Mimi sijui, mama,” Afande akasema.

Nilidhani atalia, mmoja wao. Hakulia yeyote. Mwalimu alikung’uta vumbi mikononi, akanigeukia mimi, na nikajua swali kabla hajalitoa mdomoni. Nilitamani kuwa garini, nilitamani kuwa Bwera, nilitamani kila gari la wilaya nzima linipite.

“Na wewe, Katibu? Wewe ulikuwa kando yake. Ulijua kwamba aliniona?”

Maneno yangu mazuri ya njiani yalikuwa yameisha. Nilisema, “Nilijua. Aligeuza kichwa.”

“Polisi walikuuliza?”

“Waliniuliza.”

“Ukasema?”

“Nikasema sijui.”

Afande alinitazama. Nadhani mpaka siku ile aliamini kwamba nilisema yote, na kwamba kwa ajili hiyo hakunisalimu. Akashuka chini kwa shida, akishika fimbo kwa mikono miwili, akaketi kwenye ardhi, si kwenye mkeka. Nikaketi kando yake.

Mwalimu alitutazama wote wawili, mmoja baada ya mwingine, kama anayekagua madaftari.

“Mmenichosha nyinyi,” akasema. Akausukuma ungo wa maharage katikati, mahali ambapo sote watatu tungeufikia. “Chagueni mawe. Sijamaliza kuuliza.”